Kisu cha Zulaika

Miaka kumi ya ujane, Zulaika alizunguka mtaa wa Malukhu na kuku kwapani akitafuta mwanamume wa kumchinjia. Hata Abdu mlevi alimchinjia, eti kwa kuwa ana ndevu. Leo shemeji yake Magid na mkewe walikuwa njiani kutoka Jinja, na Zulaika alikuwa amechoka. Akapiga bismillahi, akachinja mwenyewe.

Magid alipoambiwa, alisukuma sahani. "Hiki kibudu!"

Zulaika akamwekea msahafu mbele. "Humu Mungu kasema tule kilichotajiwa jina lake. Nimelitaja. Ndevu zimeandikwa wapi, shemeji? Nionyeshe."

Magid alifunua kurasa, akafunua tena, akaufunga msahafu.

Mkewe, Nuriat, akaivuta ile sahani, akala paja mpaka mfupa. "Dada," akasema, "kesho nifundishe kushika kisu."