Weupe Kwenye Mizizi

Kwa miaka thelathini na mmoja Tsuneo Manabe aliishi nyumba moja na msonobari mdogo wa chunguni bila kuugusa hata kwa ncha ya kidole. Pale mtaani kwao Kinashi, ambako kila ua una miti midogo iliyopandwa kwenye vyungu, mtu wa namna hiyo ni kichekesho, na majirani walimcheka kweli. Akawaacha wacheke. Mbegu ya mti ule iliokotwa na binti yao wa pekee, Chizuru, kwenye ua wa hekalu alipokuwa na miaka sita, na kabla mche haujafika urefu wa kidole, homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Mkewe Fusae akahamishia moyo wake wote kwenye chungu. Tsuneo akajichimbia posta, akagonga mihuri mpaka akastaafu.

Mwaka wa thelathini na mmoja, mwezi wa pili, Fusae akapata kiharusi. Pale hospitali, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo, hakuulizia dawa wala daktari.

"Baba, maji ya mti."

"Nitaumwagilia, mama. Wewe pumzika."

"Usiniulie."

Basi Tsuneo akamwagilia. Loo, alimwagilia! Asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayempa mgonjwa vidonge, hata siku za mvua. Hakuna aliyemwambia kwamba udongo wa chungu unapaswa kupumua, kwamba unausubiri ukauke juu na kubadilika rangi ndipo unamimina tena. Na kuuliza aliona haya, mtu mzima kama yeye, mzaliwa wa Kinashi.

Mwezi wa nne ncha za majani zikaanza umanjano. Akaingiwa na hofu, akaung'oa mti chunguni atazame chini. Kati ya mizizi akakuta ukungu mweupe, umejisokota kama pamba, unanuka uyoga. Mwili ukamsisimka. Akachukua mpira wa maji na mswaki mkuukuu, akasugua asubuhi nzima mpaka mizizi ikatakata. Kisha akaupanda katika udongo mpya, akiumwaga moja kwa moja kutoka kwenye mfuko na vumbi lake lote. Siku hiyo alilala usingizi mtamu, jambo ambalo hakulijua kwa wiki nyingi.

Mwezi wa sita, siku moja kabla ya Fusae kuruhusiwa kurudi nyumbani, Tsuneo akamwita Mzee Ayata, mkulima wa misonobari wa jirani, aje aupunguze mti matawi upendeze.

"Nani kabadilisha udongo?" Ayata akauliza.

"Mimi."

"Wewe! Mzee wa mihuri! Haya, makubwa. Vumbi ulichekecha?"

"Vumbi gani?"

Ayata akaacha kucheka. "Vumbi huziba udongo, mizizi ikakosa hewa. Na ule weupe kwenye mizizi?"

"Niliuosha wote. Haukubaki hata kidogo."

"Manabe, ule ndio unaoulisha msonobari. Sisi tukihamisha mti tunauchota na kuurudisha kwa mikono."

"Lakini utazame, bado kijani!"

"Msonobari ndivyo ulivyo. Unakufa, halafu unakaa na rangi yake miezi. Huu ulishakwenda, ndugu yangu." Akakuna kidevu. "Nina mmoja wa umri huohuo. Chukua. Macho ya mama yamechoka, hatajua."

Tsuneo akautaka mti ule, tena sana. Lakini hakuthubutu kumpa Fusae mti wa mtu mwingine auite wa mwanawe. Akakataa.

Kesho yake Fusae akaletwa kwa kiti cha magurudumu. Hakutaka kuingia ndani, hakutaka chai. Alitaka mti. Akazamisha kidole cha mkono wake mzima kwenye udongo, kikatoka na tope. Akavuta jani moja, likaja bila ubishi. Akavuta la pili, nalo likaja.

"Nimeuua," Tsuneo akasema. Akamweleza yote, la mswaki na la mpira wa maji, bila kujitetea.

Fusae akayalaza yale majani mawili juu ya goti lake.

"Miaka yote hiyo hukuugusa," akasema, maneno yakimtoka kwa shida. "Ungeacha hivyohivyo."

Tsuneo akapiga magoti kwenye kokoto.

"Asubuhi ile Chizuru alisema kichwa kinamuuma. Wewe ulikuwa kwa mama yako. Nikamwambia ni mafua tu, nikaenda kazini, nikamaliza zamu yangu. Niliporudi alikuwa hanijui tena. Sasa nilipouona ule weupe, nikasema leo sisubiri hata saa moja. Nikausugua, Fusae. Nilidhani safari hii nimewahi."

Fusae alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mkono wake wenye tope ukaja taratibu, ukamshika kola ya shati.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ungeniacha."

"Ningekuacha," Fusae akasema, machozi yakimshuka. "Ningekuacha kweli. Lakini miaka thelathini na mmoja, Baba, nilidhani hukumlilia."