Rangi ya Kijani Kwenye Gavana

"Shemeji, ukiigusa tena hiyo springi nakufukuza wewe na plaizi zako!"

Nilisema hivyo saa saba mchana, nimechuchumaa nyuma ya stoo ya chuo, jasho linanitiririka mpaka machoni. Mimi ndiye mkata nyasi wa chuo hiki, mwaka wa kumi na moja sasa, na kila mtu ananiita Mama Mashine. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa magari. Mtaani wanamwita Bingwa, na jina hilo amelimeza zima zima.

Asubuhi ile msimamizi wa majengo alinijia na karatasi mkononi. Kuna kampuni ina mashine kubwa za kukalia na kuendesha, na inaitaka kazi yangu.

"Mama Mashine, wageni wanakuja kesho," akaniambia. "Leo saa kumi nikikuta nyasi za mbele hazijakatwa, nasaini mkataba wao huu. Wewe tutakutafutia kitu jikoni."

Jikoni! Miaka kumi na moja nimenyoosha mistari ya nyasi, leo nikamenye viazi? Nilimjibu "Sawa, bosi" kwa adabu zote, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Mashine yangu ya kukatia nyasi ilikuwa inanidhalilisha mbele za watu. Inawaka vizuri, halafu inaanza vituko: inapaa, inanywea, inapaa, inanywea, vuuum-vu, vuuum-vu. Ukiiingiza kwenye nyasi, inazima. Na usifikiri imechakaa. Jumamosi nzima nilikuwa nayo, nikaiosha, nikaipaka rangi ya kijani mara mbili, kila mahali, mpaka mlinzi wa geti akaniuliza kama tumenunuliwa mpya.

Bingwa alikuja na begi la vifaa na maneno kibao. "Hii ni kabureta tu, shemeji. Nusu saa." Akaifungua kabureta, akaikuta safi, akaisafisha hivyo hivyo. Akabadilisha plagi. Akamwaga petroli, akatia nyingine. Vuuum-vu. Saa sita ikapita. Ndipo akaamua kwamba springi ya gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, imelegea, akaichomoa kwenye tundu lake na kuihamishia tundu la mwisho kabisa ili ivute kwa nguvu zaidi. Tukawasha. Mama yangu! Injini ilipiga yowe, kifuniko kikatetemeka, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikairukia swichi na kuizima kabla haijapasuka. Hapo ndipo nilipomfokea.

"Basi fanya mwenyewe," akasema. Akapindua ndoo, akaikalia, akanuna.

"Nitafanya. Unadhani sitaweza?"

Gavana ya mashine hii haina miujiza. Chini ya kifuniko kuna kibapa chembamba cha bati. Injini ikikimbia, upepo wa feni unakisukuma kibapa, nacho kinauvuta waya unaobana njia ya hewa na petroli kwenye kabureta. Springi inavuta upande wa pili, kufungua. Vitu hivyo viwili vinavutana kutwa nzima, na mwendo wa injini unabaki mmoja.

Nikachomoa waya wa plagi, nisije nikakatwa vidole. Nikafungua kifuniko, nikakisukuma kibapa kwa kidole, nikakiachia. Springi ilitakiwa kukirudisha. Kikabaki pale pale. Nikakigonga kwa ukucha, kikaruka na kurudi kwa kishindo. Nikarudia, kikakwama tena. Nikainama mpaka pua ikagusa bati. Kwenye kijipini kibapa kinapozungukia, kijani. Pale waya unapoingia kwenye kabureta, kijani. Mizunguko ya springi imegandana, nayo ni kijani.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Tangu saa mbili asubuhi namsema mtu wa watu, kumbe aliyeiua mashine ni mimi na brashi yangu.

"Shemeji."

"Nini tena?"

"Ni mimi. Nimeipaka gavana rangi."

Akanitazama, akakitazama kibapa, kisha akacheka mpaka akadondoka kutoka kwenye ndoo. "Umeiremba mpaka ikashindwa kupumua!"

"Utacheka baadaye. Niletee tina ya kuyeyushia rangi, na wembe."

Tukaingia kazini, vichwa karibu vigongane. Springi tuliiloweka kwenye kifuniko cha chupa, ndani ya tina, mpaka mizunguko ikaachana. Yeye akakwangua kijipini, mimi nikasugua waya kwa kitambaa. Kibapa kikawa kinacheza ukikipulizia kwa mdomo tu. Ikabaki kurudisha springi, na matundu yapo manne.

"Uliitoa kwenye lipi?"

"La pili." Akajikuna kidevu. "Au la tatu."

"Bingwa!"

"Shemeji, ulikuwa unanipigia kelele! Ningehesabu saa ngapi?"

Nikayatazama matundu moja moja. Yote yalikuwa na rangi ukingoni, isipokuwa la tatu. Hilo lilikuwa na kipande cha chuma kitupu, kidogo kama ukucha wa mtoto, mahali ndoano ya springi ilipokuwa imekaa nilipokuwa napaka. Nikaicheka brashi yangu. Nikaipachika springi pale pale.

Saa nane na nusu nikarudisha kifuniko na waya wa plagi, nikavuta kamba. Ikawaka kwa mvuto mmoja. Nikasubiri vituko, sikuvisikia. Sauti moja, imetulia, vuuuum. Bingwa akainua kidole gumba juu. Nikaisukuma hadi kwenye ngazi za ofisi, penye nyasi nene kuliko kote. Ikazama, ikalegea kidogo, halafu ikajikaza yenyewe na kuzitafuna. Nilipiga kigelegele mchana kweupe, makarani wakachungulia madirishani. Shauri yao!

Saa kumi kasoro dakika tano ulibaki mstari mmoja. Msimamizi akaja na karatasi yake na kalamu, akasimama katikati ya nyasi.

"Kumbe imepona," akasema. "Ilikuwa na nini?"

"Bosi, ni mimi niliyehamisha springi..." Bingwa akadakia, anataka kunibebea.

"Nyamaza, shemeji. Bosi, niliipaka rangi mahali pasipopakwa. Kosa langu, na tumelirekebisha mimi na huyu."

Msimamizi akaitazama mistari yangu, yote imenyooka mpaka getini. Akafungua mdomo aseme kitu kuhusu kampuni.

"Samahani, bosi," nikamwambia, mashine inanguruma mikononi. "Umesimama kwenye mstari wangu."

Akaiangalia miguu yake. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, akaikunja ile karatasi mara nne, akasogea pembeni, nami nikapita.