Mrija wa Daktari Kherunisa

Dionis alikojoa damu msimu mzima wa kuvuna tumbaku bila kumwambia mtu. Mkewe Koleta ndiye aliyegundua, alipokuta madoa kwenye suruali aliyokuwa akiifua. Hakumgombeza. Kesho yake alimwambia tu, "Baba Marko, vaa shati safi. Tunakwenda mjini."

Walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia. Lori la kijiji liliwateremsha mtaa wa Ng'ambo, pembeni mwa mji, wakatembea hadi hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe ndani ya kibofu. Aliyekuja kuwaeleza alikuwa daktari Kherunisa, binti wa Nanji mwenye duka la nguo mtaa wa Mtendeni. Dionis alimfahamu tangu akichezea vipande vya vitambaa chini ya meza ya baba yake.

"Shikamoo, mzee Dionis."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze."

Kherunisa hakuzungusha maneno. "Nadhani ni saratani. Huenda imeanzishwa na kichocho cha miaka mingi. Wengine hupasuliwa tumbo, kibofu kizima kikaondolewa. Uvimbe wako naona kama haujazama kwenye nyama ya kibofu. Nitapitisha mrija mwembamba wa chuma kwenye njia ya mkojo. Mrija huo una taa, na waya wa umeme utakaoukata uvimbe kidogo kidogo. Tumbo halitaguswa. Nikikuta uvimbe umezama, hapo itabidi uende Dar es Salaam ukapasuliwe."

Dionis alitazama sakafu. "Njia ya mkojo. Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nipelekeni huko Dar nikapasuliwe na mwanamume."

Koleta alimgeukia. "Nilipokwama na uzazi wa Marko, aliyenizalisha ni mganga Anselm wa zahanati. Ni mwanamume yule. Ukampelekea kuku wa shukrani. Leo imefika zamu yako ndiyo unaona aibu?"

Dionis alikung'uta vumbi kwenye shati lake safi. Kisha akauliza, "Lini?"

Alichomwa sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi. Shuka lilitandazwa asione kitu, lakini masikio yalikuwa wazi: maji yakitiririka ndooni, mashine ikikoroma kwa vipindi, na daktari akiuliza kama kwao wameanza kupanda. Dionis alijibu kwamba bado, ardhi ni kavu.

Alibaki na mpira wa mkojo mpaka mkojo ulipotakata. Vipande vya uvimbe vilipelekwa Dar kupimwa. Jibu likaja: ni saratani, ila haijaingia kwenye misuli ya kibofu.

Kijijini watu walitaka kuona kovu. Jirani yake Jilala alimfunua shati. "Hapa hapana kitu. Wamekuchezea." Dionis alimwambia aamini apendavyo, akashika jembe lake.

Akawa anarudi hospitali kuchunguzwa kila baada ya miezi mitatu. Mwaka uliofuata uvimbe mwingine mdogo ulichomoza, nao ukakatwa kwa mrija uleule. Kherunisa alimwambia wazi kwamba huenda ikawa hivyo maisha yake yote.

Siku aliyoruhusiwa baada ya mara hiyo ya pili alitoka wodini taratibu, akamkuta Koleta kibarazani akimenya karanga.

"Uvimbe ulikuwa umerudi?"

"Ulirudi. Ameutoa."

Koleta akamsogezea kikapu, Dionis akaketi kando yake, wakala.