Mwanabibi Akata Dawa

Mkasi uligoma kutoka. Vidole vya Mwanabibi vilikuwa vimevimba ndani ya vishikio hadi chuma na nyama vikawa kitu kimoja, na Jayaben, mwenye duka la vitambaa, alipiga magoti barazani akimpaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, kama anayemvua bibi harusi pete ya kuazima.

"Usivute, shoga! Unaning'oa!"

"Nisipovuta utazikwa nao, na mkasi wenyewe wangu."

Mwanabibi alitaka kucheka. Badala yake alitapika. Yalitoka maji matupu, pembeni ya cherehani, maana tangu Ijumaa hapakuwa na tonge lililokubali kukaa tumboni mwake. Mkono ukalegea, mkasi ukateleza wenyewe na kuanguka sakafuni. Hata hakuusikia. Masikio yake yalikuwa yanavuma kama mashine ya kukoboa mpunga.

Kwenye baraza lile la Kibiti, upande wa barabara ya mabasi ya kusini, alikuwa akishona tangu binti yake Rukaiya yuko mgongoni. Inasemekana aliwahi kumkatia kanzu mzee mmoja wa Mahege kwa kumwona mara moja tu, mzee akipita ndani ya basi, na kanzu ikamkaa kama ngozi. Wengine huongeza kwamba basi lenyewe halikusimama.

Kisha mwili wake ukaanza kujipiga wenyewe. Ndivyo walivyomweleza hospitali: askari wa mwilini wamechanganyikiwa, wanavipiga viungo vya mwenyeji wao. Wakampa vidonge vidogo vyeupe. Siku ya kwanza alipovimeza, kufika adhuhuri vidole vilifunguka, na jioni alikuwa ameshona sare za nusu ya shule. Akaviita "wanangu".

Lakini wanawe walikuwa na mkono mrefu. Uso wake ulijaa, ukajaa tena, ukawa duara kamili. Watu wakamsifu. "Umenawiri, Mwanabibi! Mume anakutunza!" Naye mume alikwisha kufa zamani. Mahamudu, muuza kahawa, aliapa kwamba mwezi wa Ramadhani mzee mmoja kutoka Mtawanya alimwona Mwanabibi akichungulia dirishani, akadhani mwezi umeandama, akaanza kuwapa watu mkono wa Idi, na mfungo bado haujafika katikati.

Wote wakacheka, hata yeye. Hawakuona yaliyokuwa nyuma ya mwezi ule. Sukari ilipanda. Macho yakaingia ukungu, uzi ukawa hauioni sindano. Asubuhi moja alipiga chafya, ubavu ukavunjika. Kwa chafya! Ya mwezi ni ya Mahamudu, mwachieni mwenyewe. Hili la chafya ni kweli tupu.

Ndiyo maana daktari, binti mdogo mwenye miwani, aliposoma majibu na kusema, "Vizuri, mama. Sasa tunaanza kuikata hii dawa," Mwanabibi hakusikia kingine. Daktari aliendelea kusema huku anaandika, muuguzi alikuwa amekwisha kumwita mgonjwa mwingine, na kichwani mwa Mwanabibi palikuwa na ngoma. Kuikata! Kwa mtu wa mkasi neno hilo halina nusu. Alifika nyumbani, akamimina kopo zima chooni, akapiga kigelegele humohumo, mpaka jirani akauliza nani kajifungua.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Dawa umekunywa?" Jayaben alimuuliza sasa, amemlaza kichwa mapajani.

"Nimekata."

"Umekata vipi?"

"Nimekata, nimekata. Nimetupa chooni. Daktari kasema."

Uso wa Jayaben ulibadilika. Marehemu mumewe, Jivanji, alikuwa na pumu, na vidonge hivyohivyo vililala kabatini kwao miaka. "Wewe mwanamke! Kinachokatwa ni kidonge! Unakipunguza, unakipunguza, mpaka kinakwisha. Nani alikwambia uache yote kwa mkupuo?"

"Mimi fundi, Jayaben. Nikiambiwa kata..."

Hakumaliza. Macho yalipanda juu. Jayaben alipiga ukelele uliomtoa Bushiri wa bajaji kwenye chapati yake ng'ambo ya barabara, naye akamfunga mgonjwa kwa kanga kitini asianguke, akaondoka na mkono mmoja kwenye honi.

Waliwahi. Walimtundikia dripu ya chumvi, wakamdunga sindano, wakamdunga nyingine. Alipofumbua macho, daktari alikuwa amesimama pembeni, miwani mkononi.

"Mama, mwilini mna kiwanda kinachotengeneza dawa kama hii. Tulipokuletea ya dukani, kiwanda kikalala. Umeiacha ghafla, na chenyewe bado usingizini. Presha yako ilikuwa inazama."

"Basi kiamsheni."

"Kinaamka polepole. Miezi mingi. Pengine zaidi."

"Na maumivu?"

Daktari aliangalia dripu. "Yatakuwepo. Kila tukishuka, yatakuja."

"Nikikataa?"

"Bila dawa ungekuwa umekufa leo, mama."

Jayaben, kwenye miguu ya kitanda, hakuweza kujizuia. "Daktari, huyu ukimwambia kata, anakata. Ungemwambia punguza. Nguo ikibana haikatwi, inafumuliwa kidogo, inapimwa, inafumuliwa tena."

"Sote tunasema kukata," daktari alijibu kwa sauti ndogo. Kisha, "Nisamehe, mama."

Mwanabibi aligeukia ukutani. Kusamehe hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa hii: vidonge vilirudi, tena vingi kuliko alivyovitupa. Ngazi yote aliyokuwa ameiota amekwisha kuishuka, alirudishwa kileleni.

"Umenawiri tena!" watu walimwambia baadaye. Safari hii hakucheka.

Kushuka kulianza masika. Kila walipopunguza kipande, mwili ulipiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa la mama. Asubuhi aliamka mgumu kama boriti ya mkoko iliyolala matopeni. Rukaiya alimfunga vifungo, alimchana nywele, alimlisha uji. Alisali ameketi. Hata kidonge hakuweza kukigawa: yeye aliyewakatia sare watoto wa aliowashonea kwanza, alimngoja Jayaben aje na wembe, akitoka dukani, amgawie kile kidude kisichozidi punje ya mtama. Mara nyingine alilia bila sauti, na machozi yalikuwa na safari ndefu kwenye mashavu mapana yale.

Alipofika kwenye nusu kidonge, mwili ulikataa kabisa. Ndipo pia harusi ya Rukaiya ilipokaribia.

Kitambaa kilikuwa mezani, satini nyeupe, zawadi ya Jayaben. Mwanabibi aliahidi kukishona kwa mkono wake tangu bwana harusi hajajulikana. Kila siku alikaa mbele yake, na kila siku kilibaki kama kilivyotoka dukani.

Asubuhi hiyo Rukaiya alikaa karibu naye. "Mama, nimpelekee Mtoro."

"Mtoro yupi? Yule wa stendi? Mtoro anashona magunia yenye mikono!"

"Siku zimekwisha, mama."

Rukaiya alivuta uzi kwenye pindo la kanga yake, akauvuta tena. "Au... kunywa vinne. Leo tu. Ukimaliza gauni unarudi kwenye nusu yako. Daktari atajuaje?"

Alipoona uso wa mama yake alijifunika mdomo. "Sikusema kitu, mama. Wallahi sikusema kitu." Akachukua kikapu, akatoka kwenda sokoni karibu anakimbia.

Lakini hakusema jipya. Mwanabibi alikuwa analiwaza jambo hilohilo tangu alfajiri, na alfajiri ya jana, na ya juzi. Alilisukuma kopo kwa kiwiko mpaka likaanguka, vidonge vikamwagika juu ya meza, akavikokota kwenye kiganja. Vinne. Kufika adhuhuri vidole vingefunguka. Alizijua adhuhuri hizo. Satini ingepita chini ya sindano kama maji. Na daktari alikwisha kumwambia: ukipanda mwenyewe, mama, kiwanda kinalala tena, na sisi tunaanza upya.

Upya. Ubavu, ukungu, sukari. Masika nyingine kama hii.

Aliinua kiganja mpaka kinywani. Akakishusha, vinne vikarudi mezani. Akameza nusu yake, ile aliyogawiwa na Jayaben jana, akanywa maji. Vilivyobaki ilibidi virudi ndani ya kopo, na vidole havikuweza kuvishika, kwa hiyo alivichukua kwa midomo, kimoja kimoja, akiinama kuvidondosha. Cha mwisho kilinata kwenye ulimi. Kikaanza kuyeyuka. Uchungu wake ukaenea kinywani, na uchungu ule ulikuwa mtamu kuliko halua, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mikono yake yote miwili. Asingefanya lolote, angeacha tu. Hakuna ambaye angesema amekinywa.

Alikaa hivyo, mdomo wazi, kitambo.

Kisha akakitema mezani, kimebaki robo, akafuta ulimi kwa kanga mpaka ukawaka.

Rukaiya alirudi na mchicha na macho mekundu. Mama yake alikuwa amekisukuma kitambaa hadi ukingo wa meza.

"Peleka kwa Mtoro. Mwambie kiunoni aachie nafasi. Asipoachia nitamfuata stendi, hata kwa kubebwa."

"Mama..."

"Nenda kabla mvua haijashuka. Na uifunike vizuri hiyo satini, isilowe."

Alipobaki peke yake, Mwanabibi alijivuta mpaka kwenye cherehani lake la zamani chini ya dirisha. Uzi aliung'oa kwa meno. Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akakiweka chini ya sindano, jinsi anavyofanyishwa mwanafunzi siku ya kwanza asije akaharibu nguo ya mtu, na kwa kuwa miguu nayo ilikataa, akalisukuma gurudumu kwa kisigino cha mkono. Sindano ikashuka. Ikapanda. Akasukuma tena, meno yameumana, na karatasi ikasogea kidogo.

Baada ya muda mrefu aliiinua dirishani. Mstari wa vitundu ulianza vizuri, ukayumba, ukakata kona pasipo kona, ukaishia nje ya ukingo. Mwanga wa mvua ulipenya katika kila kitundu. Aliutazama, akaigeuza karatasi upande wa pili, akaanza mwingine.