Dakika Saba za Kipanga

Kipanga alikuwa na dakika saba. Ngazi ya kreni ilitaka dakika tisa. Ukitaka kuelewa yaliyomkuta, shika hesabu hiyo; mengine ni maneno ya watu.

Jina la Kipanga alilipata kazini, kwa sababu ya kushinda juu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa dereva wa kreni za ujenzi, zile ndefu ambazo mikono yake huzunguka juu ya mapaa ya watu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuangusha hata tofali moja. Kisha mfuko wake wa nyongo ukajaa vijiwe. Daktari wa upasuaji akamtoboa matundu manne tumboni, akautoa mfuko na vijiwe vyake, akampa mkono wa kwaheri. "Mtu huishi bila huo mfuko kama kawaida," alimwambia. "Utausahau kabisa."

Ikapita miezi mitano na Kipanga hakupata nafasi ya kuusahau. Chini ya mbavu za kulia paliendelea kuchoma, na maumivu yakawa yanapanda hadi begani bila kualikwa. Akila chochote chenye mafuta, hata yai la kukaanga, baada ya saa moja au mbili tumbo linanguruma. Hilo ndilo lilikuwa onyo. Kuanzia hapo zinabaki dakika saba, si sita wala nane, na zisipomkuta chooni zinamkuta popote alipo. Mkewe alizipima kwa saa ya ukutani zaidi ya mara ishirini, na mkewe ni mtu asiyependa kukosea.

Na kwa kuwa dunia haina haya, jengo walilokuwa wakijenga mwaka huo lilikuwa wodi mpya ya hospitali ileile.

Kipanga alificha mpaka akachoka, kisha akaona mficha uchi hazai, akamweleza nyapara. Nyapara wa pale alikuwa na moyo mweupe na kichwa kigumu. Hakumcheka. Aliitisha kikao cha saiti nzima, akaandika ubaoni ajenda moja: Dakika Mbili Zinazopungua. Watu wa zege walipendekeza ndoo. Kipanga akakataa, akasema kile kibanda cha juu ni ofisi yake na hakuna mtu anayewekewa ndoo ofisini. Mafundi seremala walipendekeza choo cha mbao katikati ya ngazi, pale anapofikia dakika ya nne, na kwa kweli walikijenga, tena kizuri, chenye ndoano ya kutundikia kofia. Mkaguzi wa majengo alipokuja alikitazama kwa muda mrefu, akaamuru kibomolewe kwa sababu mlango wake haukufungukia kwenye korido.

"Sasa nifanye nini?" Kipanga aliuliza.

"Jikaze kisabuni," nyapara alimjibu. "Au leta karatasi ya daktari. Ikiandikwa unaumwa, nitakuwekea mwenzako mpokezane kule juu, na ukishakula unabaki chini mpaka tumbo litulie. Bila karatasi, nitakuhamishia getini uandike namba za malori. Mwisho wa mwezi niwe nimejua."

Getini. Kipanga hakulala vizuri tangu aliposikia neno hilo. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoipenda, na kule juu ndiko mahali pekee duniani ambapo watu wazima walisogea alipowaambia wasogee.

Akaenda hospitali. Dirisha la kwanza karani alimwuliza anaumwa wapi, akamwonyesha chini ya mbavu, pale palipokuwa na mfuko wa nyongo. Akaelekezwa kliniki ya nyongo, dirisha la sita. Alipanga foleni saa mbili.

"Mfuko unao?" aliuliza karani wa dirisha la sita.

"Sina. Mliutoa nyinyi."

"Basi hapa umekosea, kaka yangu. Hapa ni kwa walio nao."

"Na wasio nao wanakwenda wapi?"

Karani alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wasio nao wamepona," alisema, akaita anayefuata.

Bahati ikamkutanisha na daktari wake kwenye ukumbi. Daktari alifurahi kumwona, akamfunua shati palepale ukutani, akawaita wanafunzi wawili waje kutazama makovu. Akasema ni kazi safi. Kipanga akamweleza habari za kuchoma, za bega, za dakika saba. Daktari alimsikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akamshika bega, lilelile linalouma.

"Kisichokuwepo hakiumi," alisema. Akatoa karatasi, akaandika kwa mwandiko ambao kwa mara ya kwanza maishani mwake ulisomeka: Amepona kabisa. Akagonga muhuri.

Nyapara alipoisoma alimpongeza mbele ya watu, akamwacha kule juu peke yake.

Hapo Kipanga akaamua kuishi bila mafuta, ya ng'ombe, ya mbegu wala ya kupaka mkate. Viazi vya kuchemsha, uji mweupe, viazi tena. Tumbo likatulia, ila kuchoma hakukukoma, na mshipi wake ukaongezwa matundu matatu. Mkewe alimwangalia akipungua kila siku na hakuwa na la kufanya. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ni kweli, lakini anayelala pembeni ya maiti naye ana yake.

Ikafika siku ya mashine. Ilikuwa mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, iliyosubiriwa miaka, na ilibidi iingizwe kupitia tundu la paa. Wakuu wa hospitali walikuja na kofia ngumu kichwani, na daktari wa upasuaji akiwa miongoni mwao, ya kwake ameivaa nyuma mbele. Nyapara, kwa kumheshimu, alimkabidhi redio ya mkononi ili yeye ndiye aseme "Shusha" wakati ukifika.

Asubuhi hiyo mke wa Kipanga alipika uji. Akamfikiria mumewe akienda kubeba mzigo wa watu mbele ya watu na tumbo lisilo na kitu. Akaangalia mlangoni, akachota siagi kijiko kimoja, kimoja tu, akaikoroga mpaka haikuonekana. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hilo halina ubishi.

Kwenye kreni kuna sheria moja isiyo na mjadala: mzigo ukishanyanyuka, dereva habanduki kitini mpaka utue. Saa tatu na robo mashine iliondoka ardhini. Saa tatu na dakika kumi na nane tumbo la Kipanga likanguruma.

Mtoa ishara, yule anayesimama juu ya paa na kumwelekeza dereva kwa redio, alikuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji," Kipanga alimwambia taratibu. "Limenguruma."

Redio zote za saiti zilisikia. Hapakuwa na mtu asiyejua maana yake, isipokuwa wageni.

"Umekula nini?"

"Uji."

"Uji hauna mafuta."

"Kamwulize dada yako."

Nyapara aliingilia. "Mzigo unahitaji muda gani?"

"Dakika kumi na mbili, kwa mwendo wa salama."

"Kuna tatizo gani huko?" ilisikika sauti ya daktari.

"Daktari, ni mimi," alisema Kipanga. "Yule uliyeandika amepona. Nimebakiza dakika sita. Zikiisha, maumivu yatanikunja, na sijui mkono wangu utafanya nini. Mashine iko juu ya kichwa chako."

"Ndugu yangu, nilikwambia, kisicho..." Daktari aliinua macho. Aliiona mashine yote kwa chini, upande ambao watu huwa hawauoni. Akaruka pembeni, akakimbia mpaka kwenye uzio, na wakuu wakamfuata. Saiti nzima ilishuhudia kwamba daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini.

Kule juu Kipanga alikuwa peke yake na nyenzo mbili, moja kila mkono. Aliogopa, na zaidi ya hofu alikuwa na hasira ya miezi mitano. Aliwaza kwamba akiharakisha mzigo utabembea, na ukibembea utagonga ukuta, na kwenye ukuta kulikuwa na mafundi wanane anaowajua kwa majina ya watoto wao. Shemeji yake alikuwa akimwongoza kwa sauti ya kubembeleza mtoto: kushoto kidogo, ngoja, kushoto kidogo tena.

Dakika ya saba ikafika. Haikuwahi kuchelewa. Maumivu yalimkamata mbavuni, mwili ukadai kujikunja, na Kipanga akaelewa kwamba hawezi kubana vyote viwili, tumbo na mkono. Akaubana mkono.

Mashine ilitua dakika ya kumi na mbili. Hata vumbi halikuruka. "Imetua," alisema shemeji.

Kipanga alishuka taratibu, kwa sababu haraka haikuwa na kazi tena. Alikuwa ameloa mpaka ndani ya buti, na aibu ilimchoma kuliko mbavu. Chini, mafundi walikuwa wamegeuka wote, wanatazama msingi ambao waliumaliza mwaka jana. Nyapara alimnyooshea ovaroli safi bila kumtazama. Daktari peke yake ndiye aliyemkabili, na tumpe haki yake, hakuziba pua.

"Ni mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Nikila mafuta, kila mara."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponishona."

Daktari alivua kofia. Akaeleza kwamba nyongo yenyewe bado inatengenezwa na ini, ila haina tena pa kukaa, kwa hiyo kwa watu wengine hutiririka ovyo na kuchafua utumbo. Maumivu ya mbavu nayo yana vipimo vyake. "Na la kuharisha lina dawa," alisema. "Ni unga, unakorogwa na maji. Husaidia wengi."

"Imegunduliwa lini hiyo dawa?"

"Ah, hiyo ni ya zamani. Tuko nayo pale dirisha la duka la dawa."

"Mbona hukunipa?"

Daktari alishangaa swali lenyewe. "Ningekupaje?" alisema. "Ulikuwa umepona."

Kipanga alisimama na ovaroli ya mtu mwingine mikononi, asijue aanze na lipi, kumshukuru au kumrukia. Akaanza na lililo la lazima. Alimwomba amwandike mgonjwa.