Nambari ya Kesi Isiyogawanyika kwa Sita

Rosette alikuwa akigawa bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Gulfton, na kama kila jioni tangu washuke ndege Houston, Marekani, donge moja likabaki. Watu sita, madonge sita, na moja la ziada. Alishapunguza unga. Madonge yakawa madogo, la ziada likabaki palepale.

"Mama Tania, shule uliikimbia siku ya kugawanya," mumewe Omer akamtania.

"Wewe uliikimbia siku zote."

Tania, binti yao mkubwa, alikuwa na kazi ya shule: achague namba kubwa anayoijua kwa moyo, aeleze tabia zake. Akachukua namba ya kesi yao ya ukimbizi, ambayo kule kambini hata mtoto anayenyonya aliijua: 834,814,981. Akaigawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa nne, tano, sita, moja ileile.

"Kwa saba haibaki kitu," akasema.

Omer akaacha kutafuna. Mlango ukafunguka, akaingia mtoto wao Précieux na dumu lake la maji.

Siku afisa alipofungua kesi kambini, aliuliza watoto ni wangapi. Kwao mzazi hahesabu watoto wake kwa mdomo; ni kuwaitia kifo. Rosette akajibu, "Ni hawa unaowaona." Précieux alikuwa kwenye foleni ya maji. Wakaahidiwa kwamba ataongezwa, atawafuata. Akabaki na bibi yake, na homa ikamuua angali akisubiri kufuata.

"Umechelewa, chakula kimepoa," Rosette akamwambia.

"Foleni ni ndefu, mama."

"Tua dumu basi, ule."

"Nikilitua nitapoteza nafasi. Bado sijaandikwa."

Akala donge lake kwa mkono mmoja. Maji yakadondoka kwenye zulia.

Asubuhi wakampeleka ofisi ya wakimbizi. Joyceline, Mkenya wa mapokezi, akampa mkono, akajipangusa maji kwenye sketi. Tania akamwonyesha hesabu. Joyceline akairudia kwa kikokotoo, mara mbili.

"Hesabu ni sahihi kabisa," akasema. "Na mtoto namwona. Lakini kesi ni ya watu sita, na ilishafungwa. Pole sana, mama."

"Anataka kuandikwa tu, dada. Apumzike."

"Naelewa." Akampa Précieux pipi, kisha akaita familia iliyofuata.

Jioni ile Rosette aligawa kwa saba, na sufuria ikabaki tupu. Précieux alipomaliza kula, mama yake akashika mpini wa dumu amsaidie. Mtoto akakaza vidole.

"Usinitoe kwenye foleni, mama."

Rosette akaachia. Omer akamfungulia mlango. Précieux akawaaga, akatoka, akirudi kwenye nafasi yake.

Rosette akapiga magoti, akafuta maji kwa kitambaa mpaka kizingitini. Mlango hakuufunga kwa ufunguo.