Mama Viungo Akataa Kufuta

Waliokuwa wageni pale hospitalini walidhani anauza iliki na mdalasini. Kuna bibi mmoja mwenye maumivu ya magoti aliyekaa nje ya mlango wake saa nzima akingoja kukandwa, kisa ameambiwa mle ndani yumo Mama Viungo. Mwenyewe alipotoka na kusikia mkasa, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwongoza bibi taratibu hadi kwa daktari wa mifupa.

Viungo vyake vilikuwa vya namna nyingine. Alikuwa fundi wa kompyuta wa maabara, mwaka wa kumi na moja sasa, katika chumba cha hatua nne kwa tatu chenye feni iliyokoroma kuliko mgonjwa yeyote. Kila programu aliyoiweka, ile ya kusoma mashine ya damu, ile ya kukokotoa majibu, ile ya kuyachapa, alikuwa ameipa folda yake peke yake ndani ya folda kubwa aliyoiita Ghala. Kila toleo na mlango wake, na jina lake, na namba yake, bila kuchanganyika na jirani. Lakini kompyuta haina desturi ya kwenda kupekua ghalani. Hutafuta programu mahali pamoja pa wazi, ambapo yeye alipaita Baraza. Basi pale Barazani hakuweka programu hata moja. Aliweka viungo tu, vijifaili visivyobeba kitu ila kuonyesha njia: unayemtafuta yuko Ghalani, mlango fulani. Likija toleo jipya, alilipa mlango wake kando ya la zamani, akavigeuza viungo vielekee huko. Likileta ukorofi, alivirudisha. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, na hakuna kilichofutwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alipenda kuwaambia watu wa maabara. "Ndiyo maana mimi kila maji nayaweka kwenye mtungi wake."

Mwaka huo ndipo alipokuja meneja mpya wa vifaa. Watu walimpa jina la Bwana Tai, kwa sababu tai haikumtoka shingoni hata jua liwake vipi, ingawa wengine waliolitamka jina hilo walikuwa wakimfikiria ndege. Alikuja na kampuni, na kampuni ilikuja na programu mpya ya kukokotoa majibu. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa: Jumatatu, mbele ya wageni wakubwa.

Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni kwa Mama Viungo, maana ndani hapakuwa na nafasi ya watu wawili na hasira zao.

"Nataka ile ya zamani ifutwe yote. Na hivi viungo vyako navyo. Sitaki viraka."

"Mpya nitaiweka," Mama Viungo alisema. "Ya zamani sifuti."

"Kwa nini?"

Alimpa karatasi. Wiki nzima alikuwa akipitisha majibu ya mwezi uliopita kwenye programu zote mbili, ile yao na nakala ya majaribio ya kampuni, sampuli moja moja. Watu wazima walikubaliana sawasawa. Watoto wachanga watatu hawakukubaliana. Kipimo chao cha manjano kilitoka nusu kamili ya kile cha zamani.

"Damu ya mtoto mchanga ni tone," alieleza. "Maabara huizimua mara mbili ndipo mashine iweze kuisoma. Programu yetu inajua, inazidisha kwa mbili mwishoni. Hii yenu haijui. Mtoto mwenye hatari itamwita mzima."

Bwana Tai aliitazama karatasi kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. "Kampuni imeshaijaribu katika nchi saba."

"Hizo nchi saba hazizai?"

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Na meneja wa vifaa. Na wewe unaongea na anayeviwasha."

Kabla ya saa nane mchana barua ya onyo ilikuwa mezani kwake, na ndani yake siku tatu za kukaa nyumbani kuanzia Ijumaa, wikiendi haihesabiwi. Alisaini kwamba ameipokea, na chini ya saini akaandika: Nimeisoma na sikubaliani nayo. Kisha akaibana kwa pini pamoja na karatasi ya wale watoto watatu, akaipeleka mwenyewe kwa katibu wa mganga mkuu, akasubiri mpaka ikapigwa muhuri.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona sare za shule, pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja akisikiliza.

"Mke wangu," alisema hatimaye, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeutazama, mume wangu. Huu unakatika."

Mume akarudisha pini mdomoni. Alimjua mkewe, akishasema hivyo, heri uendelee kushona.

Jumatatu wageni walikuja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Asubuhi ile mtu wa kampuni alikuwa amepewa neno la siri kutoka kwenye bahasha iliyotunzwa katika sefu ya mganga mkuu. Aliingia Barazani, akakuta majina ya programu ya zamani, akayafuta yote, akamwaga ya kwake palepale, waziwazi. Akamwambia Bwana Tai kwamba ya zamani imekwisha, haipo tena duniani.

Jumanne saa tatu asubuhi simu ya Mama Viungo ililia. Ilikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Wawili hao hawakuwa wamesemeshana tangu ugomvi wa mapazia, na huo ulikuwa umetimiza miezi minne.

"Wifi, weka maringo yako pembeni unisikilize," alisema wifi bila hata salamu. "Nina mtoto hapa wa siku nne. Macho yake ni kiini cha yai. Karatasi ya maabara inasema hana neno, aende nyumbani. Daktari ameshasaini."

"Usimtoe."

"Nimtoe wapi? Nimekaa mlangoni na kiti changu. Mama yake analia, daktari anafoka, mimi nimekaa."

"Endelea kukaa. Nakuja."

Alitoka na kanga ya jikoni na ndala za bafuni. Getini mlinzi alisimama akajikunja kwa aibu.

"Mama, nimeambiwa usiingie mpaka kesho."

"Sawa. Fungua daftari lako uandike: Mama Viungo ameingia kwa nguvu. Weka na saa."

"Kwa nguvu gani, Mama, na hata hujanigusa?"

"Andika hivyohivyo. Usije ukalaumiwa wewe."

Mlinzi akaandika. Mama Viungo akapita.

Chumba chake kilinuka manukato ya mtu mwingine. Aliketi, akaandika neno la siri, likakubali. Hata kulibadilisha hawakulibadilisha. Akatazama Barazani. Viungo vyote vya programu ya majibu vilikuwa vimefagiliwa. Akafungua Ghala. Akauona mlango wa toleo la zamani, jina lake, namba yake, na ndani yake kila faili mahali pake kama alivyoliacha. Yule mtu wa kampuni alikuwa amekata vivuli akidhani ameangusha miti.

Aliandika amri ya kurudisha viungo. Kompyuta ikagoma: pale Barazani palikuwa na faili halisi zilizokaa njiani, na kompyuta haikukubali kuzikanyaga. Hapo ndipo mtu mwingine angezifuta kwa ghadhabu, na kidole chake mwenyewe kilikuwa kimeshaelekea huko. Akakirudisha. Alifungua mlango mpya Ghalani, akaupa jina la programu ya kampuni na tarehe ya siku ile, akazihamishia huko faili zao zote, nzima, bila kupungua hata moja.

"Toka kwenye hicho kiti." Bwana Tai alikuwa mlangoni, na nyuma yake yule mtu wa kampuni.

"Nikimaliza."

"Umesimamishwa kazi! Naita walinzi!"

"Mlinzi anajua niko hapa, ameniandika. Mwite na mganga mkuu, umwambie aje na karatasi ya wale watoto watatu. Ana nakala yenye muhuri." Hakuwa amegeuka hata mara moja. "Na wewe wa kampuni, usiogope, kazi yako sikuifuta. Nimeihifadhi vizuri kuliko ulivyoihifadhi yangu."

Akaandika amri mara ya pili. Safari hii viungo vilisimama vyote. Akapiga simu maabara, akawaomba warudie ile sampuli ya mtoto wa siku nne. Dakika sita walikaa hivyo, watu watatu na feni. Kisha mashine ya kuchapa ikatoa karatasi, na namba iliyokuwa juu yake ilikuwa mara mbili ya ile ya asubuhi, na mstari mwekundu chini yake.

Wifi alikuwa ametuma mtu kuichukua, lakini Mama Viungo aliikimbiza mwenyewe, ndala zikipiga sakafu. Daktari aliisoma, akamtazama muuguzi aliyekalia kiti mlangoni, akaivuta karatasi ya ruhusa aliyosaini na kuichana vipande vinne. Mtoto akawekwa chini ya taa za buluu kabla ya saa tano. Watoto wengine wawili waliopimwa kwa programu mpya walikuwa wameshaondoka tangu Jumatatu. Gari la hospitali lilitumwa kuwafuata. Mmoja alikuwa mzima kweli. Wa pili alirudishwa amelegea, hanyonyi, akalala chini ya taa siku tano, akapona.

Wiki iliyofuata mganga mkuu aliwaita ofisini. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

"Mama, ulisaidia, hilo hatubishani. Lakini uliingia kinyume cha amri. Omba radhi kidogo tu, barua ya onyo tuichane, maisha yaendelee."

Bwana Tai alikuwa akitazama viatu vyake. Mama Viungo alikuwa amevaa vizuri siku hiyo, na alikaa wima.

"Sina radhi ya kuomba, Daktari. Na barua msiichane. Ikae kwenye faili langu, na karatasi yangu nyuma yake. Siku mtu mwingine akiambiwa afute, aifungue asome, aone kwamba aliyekataa hakufa."

Mganga mkuu alikohoa, akatafuta kalamu ambayo tayari alikuwa ameishika. Barua ilibaki. Bwana Tai naye alibaki na cheo chake, ila kuanzia siku hiyo kitu cha maabara hakikuwekwa wala kuondolewa bila saini ya Mama Viungo.

Baada ya wiki tatu kampuni ilituma toleo lililorekebishwa, na barua ndefu iliyokiri kosa bila kulitaja kosa lenyewe. Alilipa mlango wake Ghalani. Alilipitishia majibu ya watoto wachanga arobaini, na yote yakalingana. Akavigeuza viungo siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, wifi yake akiwa amekuja kushuhudia kwa sababu, alivyosema, haamini kitu asichokiona. Bwana Tai alisimama mlangoni mpaka mwisho.

"Sasa hii imekuwa nzuri," alisema. "Ile ya zamani utaifuta lini?"

"Njoo uniulize mwakani."

Alikuja kweli, mwaka mzima ulipopita, bila tai safari hiyo maana joto lilizidi. Aliuliza kwa adabu. Mama Viungo akamkaribisha kiti, akamjibu kwa adabu vilevile kwamba haifuti.